Mpishi Aliyelala Ameketi

Kikohozi chake kilitangulia kufika kila mahali. Ungekuwa umekaa ofisini, unasahihisha madaftari, ukisikia kinapanda kutoka upande wa bweni ulijua kuwa punde Mama Mpishi atatokea kwenye kona ya darasa la saba, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko. Wanafunzi walikitumia kama kengele. Waliokuwa wakipigana nyuma ya stoo waliachana, waliojilaza shambani zamu ya palizi waliinuka, na aliyeiba kiazi alikimeza bila kukitafuna. Sijui ni viazi vingapi vilivyomezwa vizima katika shule ile.

Jina lake nalijua. Siliandiki kwa sababu hakuna aliyelitumia, na hata yeye ukimwita kwa hilo hakuitika upesi. Kwa mwalimu mkuu alikuwa Mama Mpishi, kwa mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mama Mpishi, na mkwewe alipokuja kumtembelea kutoka Kemambo aliuliza getini kama Mama Mpishi yupo.

Mimi nilipangiwa shule hiyo, upande wa Nyansurura, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nikiwa nimetoka chuoni juzijuzi. Natokea upande wa ziwani na sikujua Kikurya hata cha kuombea maji. Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa kwa mistari, na watu bado walikuwa wakikosea milango ya nyumba zao. Shule nayo ilikuwa na bweni kwa ajili ya watoto wa madarasa ya juu waliotoka mbali. Siku ya kwanza niliyopita mbele ya jiko nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu mpya?"

"Ndimi."

Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Mwembamba hivi," akasema, akavuta pumzi, "hao watoto utawapiga kwa mkono gani?"

Nilikasirika, nikaenda zangu. Jioni alinitumia bakuli la makande lililofunikwa kwa sahani, na kijiko juu yake. Ndivyo alivyokuwa. Alikuudhi mchana, jioni akakulisha, na hakuona kwamba kuna jambo la kuombeana radhi hapo.

Alizungumza kwa vipande. Sentensi ilianza vizuri, ikafika katikati, akasimama kuvuta pumzi, kisha akaimalizia. Wageni walidhani amesahau alichotaka kusema. Sisi tuliomzoea tulisubiri. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kummalizia sentensi yake, na wavulana wa darasa la sita walipenda sana kosa hilo. Angemwita kijana mmoja, "Wewe mura, kuja hapa, nani amekula..." nao wakaitikia kwa pamoja, "maharage!" Mwiko ulishuka mabegani mwao. "Ni langu!" alisema. "Neno ni langu! Usinimalizie."

Sigara aliichukia kupita kiasi. Mwalimu wa hesabu alikuwa mvutaji, na mara moja aliingia jikoni kuomba kaa la moto la kuwashia. Alitoka mbio, kaa hana na sigara hana. Mama Mpishi alituambia moshi wa tumbaku ni mchafu, unaoza mapafu ya mtu. Tulimuuliza: na huu wa jikoni je? Maana jiko lile, wewe msomaji, hulijui. Ukiingia ulikuwa huoni sufuria, ulisikia tu inatokota. Kuta zilikuwa nyeusi kama lami, na macho yalianza kutoa machozi ukiwa bado hatua kadhaa nje. Akajibu kwamba moshi wa kuni ni sehemu ya chakula. Yeye amezaliwa ndani yake, mama yake kazeeka ndani yake, na hata mtoto mchanga hulazwa karibu na moto apate joto. Alilisema hilo huku akikohoa, na hakuona lolote la kuchekesha.

Jiko lilikuwa na dirisha. Alikuwa amelishindilia gunia, na mlango aliufunga kila alipopika. Mwalimu mkuu alilitoa gunia lile kwa mkono wake mwenyewe, kesho yake likarudi. Nilidhani ni ubishi wa kiutu uzima, mpaka siku moja tulipokuwa tunachambua maharage nje nikamuuliza.

"Upepo unakula kuni," akasema.

"Si watoto wataleta nyingine?"

"Wataleta kutoka wapi?" Alinyoosha mkono kuelekea mashariki, kule ambako mashamba yanaishia na pori linaanzia. "Hapa karibu zimekwisha. Sasa wanaingia kule kwa nyati. Nikifunga, mzigo wa siku moja," akapumua, "unapika siku mbili."

Akaendelea kuchambua maharage. Hakulisema kwa kutaka nimsifu, na nilipotaka kumsifu aliniambia nimeacha mawe kwenye ungo wangu. Nilimpenda tangu siku hiyo, na nilianza kumwogopea.

Kikohozi chenyewe kilikuwa cha miaka. Zahanati alikwenda, akapewa dawa ya maji ya chupa ya kahawia, akanywa, akarudi, akapewa nyingine. Kila mtu alijua kwamba Mama Mpishi ana kifua, kama ilivyojulikana kwamba mwalimu mkuu ana kipara. Zaidi ya hapo hakutaka kupimwa. Katika kijiji cha jirani mpishi wa shule alikutwa na kifua kikuu, akaondolewa jikoni na chumba akanyang'anywa. Mama Mpishi alikuwa mjane. Chumba chake kilichopakana na stoo ndicho kilikuwa nyumba yake, na jiko ndilo lilikuwa heshima yake. Vipindi vya afya vilipoanza kutangazwa redioni, tukakusanyika kusikiliza habari za vyoo na mbu na maji ya kuchemsha, yeye alikaa mstari wa mbele na kuitikia kila kitu. Ilipofika zamu ya kifua kikuu aliinuka, akasema sufuria inaungua. Sufuria haikuwa hata motoni.

Halafu akaanza kunenepa. Ndivyo tulivyosema sote. Miguu ilijaa, kandambili zikakata mikanda, akaenda kwa fundi wa makubazi ya matairi amwongezee urefu wa kamba. Akina mama waliokuja kuleta mahindi ya wanao walimpigia vigelegele. "Ujamaa umekukubali!" walimwambia. Katika nchi ile, baada ya miaka ya njaa na unga wa njano, mguu mnene wa mwanamke ulikuwa habari njema, na yeye alizipokea pongezi zake. Aliinua gauni kidogo akaonyesha. Mimi niliona kwamba uso haunenepi pamoja na miguu, mashavu yanazidi kuingia ndani, lakini nilijiambia kwamba labda unene huanzia chini.

Na kulala kwake. Alilala ameketi juu ya godoro la majani, mgongo ukutani, mlango wa chumba ukiwa nusu wazi hata wakati wa baridi. Mlinzi wa shule ndiye aliyeligundua jambo hilo na kulieneza. Kwa kuwa mlango ule ulitazamana na wa stoo, na kwa kuwa sukari na maharage ya shule vilikuwa vitu vya kutamaniwa, kijiji kizima kilihitimisha kwamba Mama Mpishi halali, analinda. Mwenyekiti alimsimamisha mkutanoni. Alisema kama kila mwanakijiji angekuwa na uchungu na mali ya umma kama mama huyu, kijiji kingekuwa mbali. Tulipiga makofi. Mama Mpishi alisimama huku ameshikilia bega la mwenzake, akatabasamu, akakaa. Mtu ukishapewa sifa mbele ya kijiji kizima, utaanzaje kueleza kwamba si hivyo?

Ikawa mguu ni unene, kukesha ni uaminifu, kukohoa ni kifua cha siku zote. Kila kitu kilikuwa na maelezo yake, na mtu alikuwa anakufa mbele yetu tukimpongeza.

Aliyetuzindua alikuwa nesi wa kutoka Mugumu, mwanamke wa makamo, mtu wa Ikoma, aliyekuja kuwachanja watoto. Foleni ilikuwa ndefu uwanjani, vilio vingi, jua kali. Mama Mpishi alimletea uji. Nesi alipokea kikombe, lakini macho yake yalibaki chini.

"Mama, miguu hii imeanza lini?"

"Ni unene, Sista. Siku hizi nakula..." akavuta pumzi, "nakula vizuri."

Nesi aliweka kikombe kwenye benchi, akachuchumaa, akambonyeza kwenye muundi kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki. Watoto waliokuwa wanalia wakaacha kulia, wakasogea kuangalia. Tulisubiri lijae, halikujaa.

"Unene hauachi shimo," nesi alisema. "Unalalaje?"

Mwalimu mkuu alimjibu kwa fahari. "Huyu halali, Sista. Huyu ndiye mlinzi wetu wa stoo. Anakaa macho mpaka kunakucha, mwenyekiti mwenyewe anajua."

Baadhi yetu tulicheka. Nesi hakucheka. "Sijakuuliza wewe, Mwalimu. Mama, ukilala chali inakuwaje?"

Mama Mpishi alitazama kikombe cha uji pale kwenye benchi. 

"Nazama," akasema.

"Unazama?"

"Kama mtu aliyeanguka mtoni. Nikiketi," akapumua, "naibuka."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu mkuu alivua kofia yake akaanza kuikung'uta, nayo haikuwa na vumbi. Nesi alisimama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba chanjo zikiisha, gari linaondoka na mama huyu.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Alikataa. Nani atapika? Nesi akamwambia kwamba hata akifa watoto watakula. Akasema basi wangoje afe kwanza. Nikasema nitapika mimi. Alinitazama kwa huruma ya kweli, kama kwamba mgonjwa ni mimi. Ila nilijua kwamba anachoogopa si makande. Alinivuta hadi ndani ya chumba chake, akafunga mlango.

"Wakiona ni kifua kikuu," akaninong'oneza, "usirudi kuwaambia hapa. Mimi nitajua pa kwenda."

"Utakwenda wapi, mama?"

"Nimesema nitajua."

Alifunga kanga mbili kwenye kifurushi, akapanda Land Rover akakaa mbele, na watoto wakaikimbilia mpaka njia panda. Nilibaki na funguo za jiko. Kuhusu upishi wangu sitasema mengi. Makande yaliungua chini na kubaki mabichi juu, na darasa la saba waliniuliza kwa adabu kubwa kama Mama Mpishi anarudi lini. Nilitoa gunia dirishani, kuni zikaisha kabla ya maharage kuiva, nikaelewa. Mchana nilicheka nao. Nikiwa peke yangu niliogopa, kwa sababu nilikuwa nimejiaminisha kwamba nitakwenda kuonyeshwa kitanda kitupu.

Jumamosi nilipata lifti ya lori la pamba mpaka hospitali ya Mugumu. Nilifika wodini nikiwa mweupe kwa vumbi, nikasimama mlangoni nikitafuta, na kabla sijamwona nilimsikia.

"Si TB!"

Wodi nzima iligeuka. Alikuwa kitanda cha mwisho, kimeinuliwa upande wa kichwa, ameegemea mito, na uso wake wote umefunguka. "Mwalimu! Si TB! Wamepima makohozi, wamepiga picha, si TB!" Nilikwenda nikamshika mikono yote miwili, nikalia palepale, bila aibu, mbele za wagonjwa wa watu. Yeye aliniacha nilie, kisha akaniambia jambo ambalo ni dhahiri alikuwa amelihifadhi kwa ajili yangu. "Na nimekojoa, mwanangu. Dawa waliyonipa! Nimekojoa Mto Mara wote." Akafunua shuka. Miguu ilikuwa imerudi kuwa miguu, ngozi imelegea kama soksi kubwa.

"Sasa ni nini, mama?"

"Moyo," akasema, na akaonekana kuona ajabu. "Nimekuja na kifua, wanatibu moyo."

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, lakini alisimama akatueleza. Alituuliza kwanza kama tunalima kwa ng'ombe. Mama Mpishi alimjibu kwamba hilo ni swali la kumuuliza mtu wa Dar es Salaam. Basi, akasema, mapafu na moyo ni ng'ombe wawili waliofungwa nira moja. Moshi wa miaka yote ile umemlemaza mmoja. Huyu mmoja akilegea, mwenzake haachi kuvuta, anavuta zigo la wote wawili, na kwa muda mrefu mtu hajui, maana shamba linaendelea kulimika. Mwishowe na huyu mzima anachoka, na hapo maji yanaanza kujaa miguuni. Akasema jambo linalomsikitisha ni kwamba watu wenye kifua cha siku nyingi huambiwa kila mara kuwa ni kifua tu, na hakuna anayewauliza habari za moyo.

Mama Mpishi alilifikiria hilo. "Huyo wa pili," akasema, "hawezi kufunguliwa apumzike?"

"Hawezi, mama. Tunaweza kumpunguzia zigo tu."

"Basi mpunguzieni."

Zigo lilikuwa chumvi na moshi, na kubeba vizito. Dawa angemeza siku zote. Mapafu, daktari alisema wazi, hayatarudi kuwa mapya. Mama Mpishi aliitikia kwa kichwa. Alichokuwa ameogopa hakikuwa hicho.

Aliporudi kijijini alikuta ukuta mmoja wa jiko umebomolewa nusu. Mwenyekiti, ambaye nadhani zile sifa alizompa zilikuwa zikimwasha, alisimamia kazi hiyo mwenyewe, na aliamuru mkokoteni wa ng'ombe wa kijiji ulete kuni kila wiki, ukiongozwa na watu wazima, si watoto. Mama Mpishi alizunguka jiko lake akilinung'unikia. Alisema limekuwa kama kituo cha basi. Kisha akawekewa kigoda upande unakotoka upepo, akapewa wanawake wawili vijana wa kupika chini ya maelekezo yake, na hapo tukagundua kwamba huko nyuma alikuwa mpole. Pumzi yote iliyokuwa inakwenda kwenye kupuliza moto sasa ilikwenda kwao. Chumvi ya chakula chake mwenyewe aliacha, akilalamika kila mlo. Ila alinihesabia kosa la makande yangu mpaka nilipohama.

Na alipata kazi nyingine, ambayo hakuna aliyempa. Alianza kubonyeza miguu ya watu. Mnadani, kanisani baada ya ibada, kwenye foleni ya duka la kijiji, mzee yeyote mwenye kikohozi cha kudumu aliweza kujikuta Mama Mpishi amemwinamia, kidole gumba kwenye muundi. Hakuomba ruhusa. "Unalalaje?" aliwauliza, na mbele ya watu. Kuna mzee mmoja, mvutaji wa kiko tangu ujana, aliyetishia kumshitaki kwa balozi wa nyumba kumi kwa kumshika mguu hadharani. Shimo lilibaki kwenye mguu wake huku akitishia. Alipelekwa hospitali kwa mkokoteni uleule wa kuni, na aliporudi anatembea alimletea Mama Mpishi jogoo, akamkabidhi bila kumtazama usoni.

Nilihamishiwa Tarime mjini, miaka ikapita. Nilisikia ameacha kazi na kwenda kwa binti yake Kemambo. Baada ya hapo sikusikia kitu, na kusema kweli niliogopa kuuliza. Mwishowe nilimuuliza mfanyabiashara mmoja wa mjini, mzee wa Kiislamu aliyekuwa akizungusha sabuni na chumvi kwenye minada ya huko, kama anamjua mama mmoja mtu mzima, anakohoa, aliwahi kuwa mpishi.

"Mwenye kelele?"

"Ndiye."

"Yupo, Mwalimu. Wiki iliyopita amenirudishia sabuni, anasema haitoi povu."

Nilikwenda Jumapili. Nilimkuta amekonda, nywele nyeupe, kikohozi kilekile. Vidonge vyake alivitoa akanionyesha kama mtu anavyoonyesha picha za wajukuu. Tulikula, tukasengenya kila mwalimu tuliyemkumbuka, na jua lilipoanza kuinama akasema atanisindikiza mpaka barabarani. Nikamkatalia, kuna mlima. Akavaa makubazi yake.

Tulipanda polepole, mwendo wake, anasimama, anapumua, anapanda. Tulipokaribia kileleni alisimama kwa ghafla, akashika mti. Macho yake yalikaza kuangalia mbali, na mkono wake ukaniashiria nisisogee. Nikawaza: ni hapa, na mimi ndiye niliyemruhusu apande.

Alikuwa anaangalia bonde la upande wa pili. Mbuzi wa jirani walikuwa ndani ya muhogo wa binti yake.

Akajaza kifua, akapiga kelele. Ilikuwa Kikurya, sentensi moja ndefu iliyotoka nzima, ikavuka bonde, ikamfikia mtu mdogo kabisa aliyekuwa amekaa kwenye jiwe kule ng'ambo, naye akasimama kama amechomwa. Nilielewa neno la mbuzi, na la muhogo, na nadhani mama wa yule bwana naye alitajwa. Kisha kikohozi kikamshika, akainama, mkono gotini. Nikamkamata kiwiko.

"Mama, inatosha. Amesikia. Twende."

Aliuondoa mkono wangu.

"Ngoja nivute pumzi, Mwalimu," akasema. "Sijamaliza."